Yowe Lilijua Njia, Simu Haijui

"Uko wapi?"

Maneno mawili tu. Usiku ule yalinishinda, mimi niliyezaliwa Izigo, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mimi ninayejua kila mgomba wa kibanja cha babu yangu.

Kijana alikuwa amelala kwenye mteremko, pikipiki imemlalia mguu, damu inamtoka kichwani. Tulikuwa watu kama ishirini tumemzunguka. Nilihesabu simu zilizowashwa tochi: kumi na moja. Tatu zilikuwa zinarekodi video. Mwanamume mmoja alikuwa anaongea na shemeji yake aliyeko Dar es Salaam. Mwingine alikuwa anaulizia namba ya binamu wa majeruhi anayeishi Mwanza. Simu kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa imewapigia watu ambao kazi yao ni kuja.

Nikapiga mimi. Ikapokelewa. Nikapayuka: kuna ajali, njooni haraka, mtu anakufa! Sauti ikauliza taratibu, uko wapi? Nikasema Izigo. Izigo sehemu gani? Nikasema hapa kwenye mteremko. Mteremko upi? Nikasema karibu na kwa mzee fulani, kila mtu anamjua.

Kila mtu anamjua! Aliyeniuliza hakuwa mtu wa Izigo. Alikuwa binadamu mmoja ameketi mbali, kalamu mkononi, anangoja nimwelekeze njia. Sikumwelekeza. Nilikuwa nalia. Mtandao ukakata.

Nimeandika makala hii kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu juu yangu mwenyewe. Lakini na wewe unayesoma usijitoe. Nikikupigia sasa hivi nikakuuliza uko wapi, utasema nini? Jaribu. Sema kwa sauti. Umeishia wapi? "Nyumbani"?

Wazee wetu hawakuwa na simu. Walikuwa na enduru, yowe. Nyumba ikishika moto, mtu alipiga yowe. Mwizi akiingia zizini, yowe. Mtoto akitumbukia kisimani, yowe. Jirani aliyelisikia alilipokea akalipeleka mbele, na wa mbele akalipokea, hadi kilima chote kikaamka. Aliyesikia akajifunika shuka alikuwa na kesi ya kujibu asubuhi mbele ya wenzake.

Sasa angalia jambo ambalo hatukulifikiria tulipoacha yowe tukashika simu. Yowe lilibeba mahali ndani yake. Hukuhitaji kuuliza liko wapi. Ulifuata sikio, ukapasua migomba, ukafika. Simu inapeleka sauti yako Bukoba, Dodoma mpaka Muscat, lakini haipeleki mahali ulipo. Ukilia kwenye simu, kilio kinafika na wewe hufikiwi.

Tulibadilisha chombo, hatukubadilisha tabia. Bado tunapiga yowe, ila sasa tunalipigia kwenye simu.

Unakumbuka Novemba 6, 2022? Nani wa Kagera amesahau? Jumapili asubuhi, mvua na ukungu, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ikaangukia ziwani ikiwa imebakiza kidogo tu kufika uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Waliokufa ni 19. Waliopona ni 24, na wengi wao walipona kwa sababu wavuvi waliwahi. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisimulia jinsi alivyougonga mlango wa nyuma kwa kasia mpaka ukafunguka. Rais Samia akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili.

Lakini wavuvi wale waliwahi kwa nini? Kwa sababu waliona. Ndege ilianguka mchana kweupe mbele ya macho ya watu. Ndege iliita yenyewe. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, nasi tuliliona hilo kwa macho yetu.

Haya, nyumba yako je? Nyumba yako iliyozungukwa na migomba pande zote, ambayo hata mchana mgeni anaipita mara mbili? Saa nane usiku, mama yako ameanguka sakafuni, mdomo umepinda. Nani ataiona? Mvuvi gani atafika na kasia?

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, ikiwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo ambako majirani zetu walipanda, walikufa mamia ya watu. Katika watu wale, nani alikuwa na simu mfukoni? Walikuwa na sauti zao tu, na ziwa halina masikio. Leo laini za simu nchini zimepita milioni 70, wakati sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu milioni 61 na ushee. Laini ni nyingi kuliko sisi! Kila laini imesajiliwa kwa alama ya kidole. Kidole hichohicho hakijui kubonyeza moja, moja, mbili.

Usiniambie hukujua. Unajua namba ya kuangalia salio. Unajua namba ya kununua bando la usiku. Unajua kukopa vocha. Unajua namba ya kutuma pesa, ya kutoa pesa, na ya kurudisha pesa iliyokwenda kwa mtu mwingine kwa makosa. Namba ndefu zenye nyota na reli unazo kichwani, unazibonyeza gizani bila kutazama. Tarakimu tatu za kuokoa roho ya mwanao huzijui?

112 ni polisi. 114 ni Zimamoto na Uokoaji, nao si wa moto peke yake: mtu aliyetumbukia kisimani, aliyefukiwa na udongo, aliyebanwa ndani ya gari lililopinduka, hao nao ni wa 114. 115 ni ya kusafirisha mama mjamzito, mama aliyejifungua, na kichanga. 199 ni ya Wizara ya Afya. Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini Machi 2023, na ilipotokea tena Biharamulo mwanzoni mwa 2025, ile 199 haikuwa pambo la bango.

Zote ni bure. Narudia, bure. Usiku ule wa mteremko nilimsikia mtu akisema kwa uchungu wa kweli kabisa, "Ningepiga, sina vocha." Tangu lini? Nani alimwambia kwamba roho ya mtu inangoja vocha? Na hakusema peke yake. Wawili walitikisa kichwa kukubaliana naye.

Hata simu iliyofungwa kwa namba ya siri inapiga. Iangalie hiyo yako, pale chini kwenye kioo pana neno la dharura. Ukikuta majeruhi hajitambui na simu yake imefungwa, hiyohiyo itakupeleka 112. Na laini yako ikikosa mtandao, usikate tamaa mapema. 112 imewekwa ndani ya simu tangu kiwandani, na mnara wa laini yako ukikosekana, simu hutafuta mnara wa kampuni nyingine ulio karibu. Ukiwa bondeni kabisa, panda kilima. Ikishindikana, tuma meseji kwa mtu mwenye mtandao apige yeye, kwa maana meseji hupenya pale ambapo sauti inakwama.

Nije kwenye 115, maana hapa nina kidonda.

Mfumo huo unaitwa m-mama. Ulianzia Sengerema kwa majirani zetu, ukaenda Shinyanga, na mwaka 2022 Rais akauzindua kwa ajili ya nchi nzima. Mama akipatwa na hatari, simu inapokelewa na mratibu aliyefundishwa. Anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anamwita dereva wa hukohuko kijijini aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, naye analipwa kwa simu, sio na mfuko wa mgonjwa. Jambo hili lipo. Si ahadi ya jukwaani.

Nasi tunafanya nini? Tunampakia mama kwenye bodaboda, yuko katikati, dereva mbele, wifi nyuma anamshikilia, damu inachuruzika kwenye ekzosi, wanakimbilia Ndolage, Kagondo au Rubya kwenye mvua. Kabla ya hapo tumekaa kikao cha saa nzima kumtafuta mume aliyeko kisiwani atoe ruhusa na nauli. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema, na hapa tumbo lenyewe lina mtoto.

Naomba tuelewane. Simlaumu wifi wala simlaumu dereva wa bodaboda. Pale ambapo namba haikupokelewa au gari halikutokea, hao ndio waokoaji, na nawavulia kofia. Ninachogombana nacho ni ile saa nzima. Saa nzima ya kupigia ndugu simu! Sisi tukipata msiba tunapiga simu, tukipata harusi tunapiga simu, na tukipata ajali tunapiga simu kama za msiba kabla mtu hajafa. Simu ya kwanza inamwendea kaka Dar es Salaam. Atafanya nini kaka? Atalia. Halafu atakupigia tena kila baada ya dakika mbili kuuliza "anaendeleaje?", na kila akipiga, yule mratibu aliyetaka kukurudia kuuliza njia anakuta laini inatumika.

Kaka atapigiwa. Simu ya kwanza si yake.

Sasa hilo swali lililonishinda. Nimelifanyia mazoezi kama mtoto anayekariri sala, na nataka ulifanyie mazoezi leo, kabla hujalala. Sema mahali kabla ya kulia. Mtandao wetu unakata, nawe unaujua. Ukikata baada ya sekunde kumi, afadhali wawe wamejua ulipo bila kujua kilichotokea kuliko kujua unakufa bila kujua wapi. Mkoa wa Kagera, wilaya ya Muleba, kata ya Izigo, kijiji, kitongoji. Usidhani anayepokea anaijua Izigo. Halafu njia: ukitoka barabara ya lami unakata upande gani, penye kanisa gani, shule gani, mashine gani ya kukoboa kahawa. Kisha ndipo useme kimetokea nini, watu wangapi, nani hajitambui, nani anatokwa damu. Taja namba yako. Na usikate wewe. Akate yeye. Weka spika, simu iwe chini, mikono yako miwili ibaki kwenye kidonda kukikandamiza.

Usiseme "kwa mzee fulani". Mzee fulani hayumo kwenye ramani.

Na mtume mtu barabarani. Mtume mtu barabarani! Kijana mwenye tochi, asimame pale njia inapokatia, asiondoke hata mvua ikinyesha. Nitaeleza mbele kwa nini narudia.

Wewe wa ziwani nawe, unayetoka mwaloni jioni na karabai kwenda kuvua dagaa, au unayevuka kutoka Kerebe, Goziba, Bumbire, swali lako ni gumu kuliko letu. Ziwani hakuna kanisa wala mashine ya kahawa. Mwalo ndio unaopaswa kulijibu kwa niaba yako. Mwachie mtu wa nchi kavu maneno: tumeelekea upande gani, tuko wangapi, tunarudi saa ngapi. Usiporudi, yeye ndiye atakayepiga, naye lazima ajue aseme nini. Simu ifunge kwenye nailoni mbili. Na uvae boya, tafadhali, simu haielei.

Sasa niwageukie wakubwa.

Mwaka 2022 mlipita nchi nzima na operesheni ya anwani za makazi. Mlitundika vibao, mkaandika namba kwenye milango, mkatuambia kila nyumba sasa ina anwani. Tulishangilia. Je, nikipiga simu usiku nikataja namba iliyo mlangoni kwangu, anayepokea anaweza kuiona nyumba yangu kwenye kioo chake, au ataniuliza tena mteremko upi? Mimi sikuulizwa namba ya nyumba usiku ule. Hakuna aliyeniuliza. Niliulizwa kama walivyokuwa wakiuliza wasafiri kabla babu yangu hajazaliwa.

Inawezekana kabisa. Tangu Machi 2022, simu janja mpya zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziweze kutuma zenyewe mahali mpigaji alipo anapopiga 112. Analia, anapayuka, amezimia hata, simu inasema kwa niaba yake: yuko hapa. Simu za aina hiyohiyo zimejaa kwenye maduka ya Bukoba. Teknolojia imo mfukoni mwa mtoto wa mwalimu hapa Izigo. Kinachotakiwa ni upande wa pili uwe tayari kupokea.

Na kwa nini namba nyingi hivi? Bibi wa miaka sabini aamke usiku, moto unawaka, mjukuu ameungua, halafu akumbuke 112 ni ya nani, 114 ni ya nani, 115 ni ya nani? Ulaya nzima wana 112. Marekani wana 911 tangu 1968. Tupeni mlango mmoja, na huko ndani nyie wenyewe muelekezane.

Waingereza hawakuzaliwa na busara hiyo. Novemba 1935 nyumba ya daktari iliungua mtaa wa Wimpole, London, wakafa wanawake watano. Jirani alikuwa ameshika simu kuwaita zimamoto, akawekwa foleni na kituo cha simu kama mtu anayeulizia bei ya samaki. Akaandika barua kwenye gazeti la The Times kwa hasira. Bunge likauliza, kamati ikakaa, na Juni 30, 1937 namba 999 ikaanza kufanya kazi London. Barua ya jirani mwenye hasira! Sisi majirani wenye hasira tuko wangapi? Tumeandika barua ngapi? Tukitoka matangani tunasema "ni mpango wa Mungu", tunakunywa uji, tunaondoka.

Septemba 14, 2020, bweni la Shule ya Msingi Byamungu wilayani Kyerwa, mkoa wetu huuhuu, liliteketea usiku watoto wakiwa wamelala. Wanafunzi 10 walikufa. Mzazi uliyempeleka mwanao bweni Januari: uliuliza ada, uliuliza sare, uliuliza wastani wa darasa la saba. Uliuliza kama 114 imeandikwa ukutani bwenini? Uliuliza kama mlezi wa zamu ana simu yenye chaji, na kama anaweza kumwelekeza dereva wa zimamoto kutoka lami mpaka geti la shule bila kutaja jina la mwenye duka? Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Zetu bado kavu.

Tena kuna wewe unayempa mtoto simu achezee ili anyamaze. Anabonyeza 112, anabonyeza 114, anacheka, anakata. Zimamoto wamelalamika mara nyingi juu ya simu za mzaha, nasi tunasoma habari hiyo tukitabasamu. Mpokeaji aliyechezewa mara arobaini siku hiyo ndiye atakayepokea simu yako ya arobaini na moja. Unadhani atakuamini haraka? Mchuma janga hula na wa kwao.

Waitu, wenzangu, nimechoka kuzika watu ambao umbali wao na msaada haukuwa kilomita, bali sentensi moja iliyonyooka.

Nirudi mteremkoni, maana sijamaliza.

Mtandao ulipokata nilikimbia kupanda juu, nikapiga tena. Safari hii nilivuta pumzi, nikasema. Kata, kijiji, kitongoji, kanisa, njia inapokatia. Yule mtu akarudia maneno yangu yote kwa mpangilio, akasema gari linatoka. Nikashuka mbio kuwaambia wenzangu wanakuja, na watu wakashukuru Mungu. Tukaendelea kumzunguka kijana, wote ishirini, tochi zote kumi na moja zimeelekezwa usoni kwake. Alikuwa anamuita mama yake. Mvua ikaanza.

Hakuna aliyekwenda kusimama barabarani. Sikumtuma mtu, wala hakuna aliyenikumbusha.

Ndipo tukaliona. Kule juu, kwenye lami, taa za gari zikaja polepole, zikapunguza mwendo kwenye njia yetu kama mtu anayetafuta kitu gizani. Zikasimama kidogo. Kisha zikasogea, zikaongeza mwendo, zikaelekea Muleba.

Tukapiga yowe, wote kwa pamoja, yowe la zamani, kama walivyopiga wazee. Dereva alikuwa amefunga vioo kwa sababu ya mvua.